Kupanga utafiti tumizi wa afya ya jamii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wanaoandika andiko lao la kwanza la utafiti, wengine wanafunzi, wengine watu wa programu ambao bosi kawaambia tu "fanyeni ka-utafiti kidogo hapo". Majibu hayalingani urefu maana maswali yenyewe hayalingani uzito.

Utafiti tumizi ndo upi hasa?

Ni ule ambao kuna mtu anausubiri ili aamue kitu. Mtafiti wa maabara anaweza kukaa miaka akitafuta kirusi kinapenyaje kwenye seli na ni kazi halali kabisa, ila sisi huku tunauliza mambo kama haya: chanjo tunajua inafanya kazi, sasa mbona watoto waliopata dozi ya kwanza wengine hawarudi kwa dozi ya tatu, na je tukibadilisha siku za kliniki watarudi? Jibu likitoka kuna ratiba inabadilika au inabaki ilivyo. Kama hakuna chochote kinachosubiri jibu lako, unaweza ukawa unafanya utafiti mzuri tu, ila sio huu.

Nina mada lakini sina swali. Nianzie wapi?

Anzia mwisho. Yaani kabla hujafikiria dodoso, kabla hujafungua kompyuta kutafuta fomula ya sampuli, jiulize nani ataamua nini, na ataamua lini. Hapo ndo watu wengi wanaruka, wanaanza na "nataka kuangalia mambo ya presha kwa wazee" alafu wanatunga maswali sitini ya dodoso wakitumaini swali la utafiti litajitokeza lenyewe humo ndani, na halijitokezi.

Chukua hiyo hiyo presha. Mkuu wa huduma za afya anataka kujua kama aweke hela kwenye meseji za kuwakumbusha wagonjwa kuja kuchukua dawa au awape wahudumu wa ngazi ya jamii kazi ya kuwatembelea nyumbani. Huo ni uamuzi, una mtu, na una tarehe maana bajeti ya mwaka inafungwa. Sasa swali lako linajichonga lenyewe: kati ya wagonjwa wa presha walioandikishwa kliniki, je wale wanaotembelewa nyumbani wanabaki kwenye dawa kwa miezi sita kuliko wanaopata meseji, na kila njia inagharimu kiasi gani kwa mgonjwa mmoja anayebaki. Linganisha na "kuchunguza mambo yanayochangia wagonjwa kuacha dawa". Hilo la pili utapata orodha ya mambo kumi na mbili, umbali, elimu, umri, kipato, na mkuu wa huduma ataisoma aseme ahsante sana kisha aamue kwa kubahatisha kama angefanya bila wewe.

Kuna zoezi moja nalipenda kuliko yote. Chora majedwali matupu ya ripoti yako ya mwisho, vichwa vya safu na mistari vyote vipo, namba hamna. Alafu jaza namba za kubuni mara mbili, mara ya kwanza zionyeshe mpango umefanya kazi, mara ya pili zionyeshe haujafanya. Mpelekee yule anayeamua, muulize ukipata hili jedwali utafanya nini, na hili je? Kama jibu ni lile lile kwa yote mawili basi huo utafiti hauhitajiki, na bora umejua leo kuliko baada ya kuajiri wakusanya data. Na ukigundua kuna swali la dodoso ambalo haliingii kwenye jedwali lolote, lifute.

Nimeambiwa lazima nitumie PICO. Ni lazima?

Sio lazima, ni kikumbusho tu: watu gani, afua gani (yaani huduma au mpango unaouleta), ukilinganisha na nini, matokeo gani. Inafaa kwa maswali ya "je hii inafanya kazi". Kwa swali la "kwa nini akina mama hawataki" inakubana bure. Kile ambacho watu husahau zaidi humo ni ulinganisho, wanaandika afua na matokeo, ukimuuliza "ukilinganisha na nini" anakaa kimya.

Mpango wetu ni mzuri wazi kabisa, kwa nini tupoteze muda kuupima?

Swali la haki, na wakati mwingine jibu ni kwamba kweli msiupime, tekelezeni tu mkifuatilia. Ila kumbuka habari ya beta karotini. Tafiti nyingi za kuangalia tu zilikuwa zimeonyesha kwamba watu wanaokula mboga na matunda yenye hiyo kitu wanapata saratani ya mapafu kidogo kuliko wengine, kila mtu akaona mantiki iko wazi, tuwape wavutaji vidonge. Finland wakawapima wanaume wavuta sigara 29,133 kwa kuwagawa kwa bahati nasibu, na matokeo yalipotoka 1994 waliopewa beta karotini ndo walikuwa wamepata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18 hivi. Kumbe mtu anayekula mboga nyingi ana tofauti nyingine kibao na asiyekula, na kidonge hakibebi hizo tofauti zote.

Ndo maana nasema "wazi kabisa" sio ushahidi. Lakini pia usiende upande wa pili, usipime upya kitu ambacho mapitio ya tafiti kumi yameshajibu. Tafuta kwanza mapitio ya kimfumo, yaani yale yanayokusanya tafiti zote za swali moja na kuzipima pamoja, mtandao wa watafiti unaoitwa Cochrane una mengi, na kama swali la "inafanya kazi?" limeshajibiwa basi la kwako linaweza kuwa "kwetu itafanywaje ifanye kazi hivyo hivyo", ambalo ni utafiti wa utekelezaji na mara nyingi ndo unaohitajika zaidi.

Muundo gani wa utafiti ni bora kuliko wote?

Hakuna. Najua vitabu vina ile piramidi ya ngazi za ushahidi, jaribio la nasibu juu, maoni ya wataalamu chini, na watu wakishaiona wanadhani kila kitu kinatakiwa kupanda juu. Piramidi ile inajibu swali moja tu, afua inafanya kazi au la. Ukitaka kujua ni watu wangapi wana tatizo, jaribio la nasibu halikusaidii kitu, unataka sampuli wakilishi ya watu wakati mmoja. Ukitaka kujua chanzo cha ugonjwa adimu, chukua wenye ugonjwa na wasio nao ulinganishe ya nyuma, kama watafiti wa Uingereza Doll na Hill walivyofanya 1950 kuhusu sigara, na wagonjwa wa saratani ya mapafu kwenye hospitali za London, kisha mwaka uliofuata wakaanza kufuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka mingi kuona nani anaugua. Swali lile lile la sigara, miundo miwili tofauti, na nguvu ya jibu ilikuja kwa sababu yote miwili ilielekea kule kule.

Na ukikosa uwezo wa kugawa watu wewe mwenyewe, angalia kama dunia imeshakugawia. Huu mfano wa John Snow, daktari wa London aliyechunguza kipindupindu, watu wengi wanaujua nusu, wanajua habari ya pampu ya Broad Street mwaka 1854, ila kazi yake nzito ilikuwa nyingine. Kusini mwa London kampuni mbili za maji, Lambeth na Southwark and Vauxhall, zilikuwa zinauza maji kwenye mitaa ile ile, nyumba hii inachukua kwa huyu, jirani yake kwa yule. Lambeth walikuwa wamehamisha sehemu yao ya kuchota maji mwaka 1852 wakaipeleka upande wa juu wa mto Thames, kabla mto haujafika mjini, wenzao wakabaki kuchota pale majitaka ya mji yanapomwagwa. Watu walikuwa wale wale, matajiri kwa masikini, hewa moja, mtaa mmoja, tofauti ni bomba. Snow akazunguka kuuliza nyumba zenye vifo zinapata maji wapi, na wiki zile saba za kwanza za mlipuko alipata vifo 315 vya kipindupindu kwa kila nyumba 10,000 upande wa Southwark and Vauxhall, Lambeth 37. Hakugawa mtu yeyote. Aliona tu kwamba mgawanyo ulishafanyika kwa namna ambayo haihusiani na afya ya mtu, na hicho ndo kitu cha kutafuta kwako: sera iliyoanza wilaya moja kabla ya nyingine, umri wa kukatia unaowapa huduma wa miaka 5 na kuwaacha wa miaka 5 na mwezi mmoja, mtambo ulioharibika ukatengenezwa.

Basi nikipima kabla na baada ya mradi si inatosha?

Hapa nitakaa kidogo maana hili ndo kosa linalokula hela nyingi kuliko yote.

Umepima kabla, ukaleta mradi, ukapima baada, namba zimekuwa nzuri. Sawa, ila kwa nini? Cha kwanza, inawezekana zilikuwa zinapanda zenyewe kila mwaka tangu zamani na zingepanda hata usingekuwepo. Cha pili, msimu. Umepima kuhara wakati wa mvua na kupima tena wakati wa kiangazi, kiangazi kimefanya kazi yako. Cha tatu ni hiki ambacho watu wengi hawakijui na kina ujanja sana: mara nyingi mradi unapelekwa kule kunakofanya vibaya zaidi, vituo vilivyokuwa vya mwisho kwenye orodha mwaka jana. Kituo kinakuwa cha mwisho kwa sehemu kwa sababu ya matatizo ya kweli na kwa sehemu kwa sababu mwaka ule kilikuwa na bahati mbaya, muuguzi aliumwa, dawa zilichelewa. Mwaka unaofuata bahati mbaya haijirudii kwa kiwango kile kile, namba zinarudi karibu na wastani zenyewe, na wewe unapiga picha na bango la mradi. Wanatakwimu wanaita kurudi kwenye wastani, na hakuna ukubwa wa sampuli unaoitibu, dawa yake ni kuwa na kundi la kulinganisha lililochaguliwa kwa kigezo kile kile.

Kwahiyo fanya nini. Kama kuna data za kila mwezi za muda mrefu, usilinganishe nukta mbili, chora mstari mzima kabla ya mradi na mstari baada yake uone kama mwelekeo umevunjika pale mradi ulipoingia. Nukta tatu kila upande ndo chini kabisa watu wanakubali, mimi chini ya 12 kabla na 12 baada kwa data za mwezi sijisikii vizuri, maana bila mwaka mzima msimu huuoni. Ukipata na wilaya ambazo hazikupata mradi uchore mstari wao pia, bora zaidi, sasa unalinganisha mabadiliko kwa mabadiliko.

Na kama mradi utafika kote hatimaye ila hamna uwezo wa kuanza kote siku moja, hiyo ni zawadi, itumie. Panga zamu ya kuingia kwa kura. Vijiji vinavyosubiri zamu ndo kundi lako la kulinganisha na hakuna aliyenyimwa. Gambia walifanya hivi na chanjo ya homa ya ini aina B kuanzia 1986, wakaiingiza nchi nzima kwa awamu huku mpangilio wa nani anaanza ukiwa wa nasibu, wakijua kabisa matokeo wanayoyatafuta, saratani ya ini, yatachukua miongo kuonekana. Ila panga hii kabla ya mradi kuanza, ukichelewa wiki mbili tu viongozi wameshachagua wapi pa kuanzia kwa sababu zao.

Nina kijiji kimoja chenye mradi na kijiji kimoja hakina. Inatosha?

Hapana. Hata ukihoji watu 2,000 kila kijiji bado una kijiji kimoja kwa kimoja, na tofauti yoyote utakayoona inaweza kuwa ya vijiji vyenyewe. Ongeza vijiji, punguza watu kwa kila kijiji.

Sampuli ni 384 sio?

Hii 384 imekuwa kama namba ya bahati. Inatoka hapa: 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) ikizidishwa kwa yenyewe, mara 0.5 mara 0.5, ukagawa kwa 0.05 iliyozidishwa kwa yenyewe. Maana yake unakadiria asilimia moja tu, hujui hata kidogo iko wapi ndo maana umeweka nusu kwa nusu, unakubali kukosea pointi 5 juu au chini, na umechagua watu mmoja mmoja kwa nasibu kutoka orodha kamili. Na ile fomula ya Yamane ambayo kila tasnifu inayo, ile inayokupeleka karibu na 400 jamii ikiwa kubwa, ni hiyo hiyo tu imeviringwa kidogo, 1.96 imefanywa 2.

Sasa ni utafiti gani wa kweli ulio hivyo? Ukweli ni kwamba utaenda vijijini uchague vijiji kwanza na ndani ya kila kijiji uhoji watu kadhaa. Watu wa kijiji kimoja wanafanana, wanatumia kisima kimoja na kituo kimoja, kwahiyo mtu wa ishirini wa kijiji kile hakuongezei habari mpya kama wa kwanza. Lazima ulipie hilo. Kanuni ni hii: chukua idadi ya watu kwa klasta (hapa kijiji), toa moja, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwao, kisha jumlisha moja. Tuseme watu 20 kwa kijiji na kufanana ni 0.05, unapata 1.95, 384 inageuka 749. Ukitegemea asilimia 10 watakataa au hutawakuta, gawa kwa 0.9, umefika 833, vijiji 42. Ukipunguza wawe 10 kwa kijiji, kizidishi kinashuka hadi 1.45 na unahitaji watu 619 tu, ila sasa ni vijiji 62, na mafuta ya gari yana la kusema. Hapo ndo upangaji wenyewe ulipo, unapima idadi ya watu dhidi ya idadi ya safari, sio kunakili namba.

Na ukitaka kulinganisha makundi mawili, sahau 384 kabisa. Swali linakuwa tofauti ndogo kiasi gani ina maana kwa yule anayeamua. Kuona mabadiliko kutoka asilimia 50 hadi 60, kwa nguvu ya asilimia 80 (yaani nafasi ya kuiona tofauti kama kweli ipo), unahitaji karibu watu 390 kila kundi hata kabla ya mambo ya klasta. Kuona 50 hadi 55, zaidi ya 1,500 kila kundi. Kwahiyo rudi kwa mwenye uamuzi umuulize: ongezeko la pointi 5 lingekufanya ununue huu mpango? Akisema hapana, nisipoona 10 sinunui, umeokoa watu zaidi ya elfu moja kila upande.

Nataka kufanya mahojiano ya kina na watu 15. Kamati imesema ni wachache.

Inawezekana kamati ina mtu anayesoma kila kitu kwa macho ya takwimu, inatokea. Kwenye utafiti wa maelezo hauhesabu ni asilimia ngapi wanafikiri hivi, unatafuta njia mbalimbali za kufikiri zilizopo na kwa nini. Unaendelea mpaka mahojiano mapya hayaleti kitu kipya. Ila hilo lisiwe kisingizio, eleza umewachaguaje hao 15 na nani angekuambia kinyume. Ukihoji akina mama waliokuja kliniki kuhusu kwa nini watu hawaji kliniki, umehoji watu wasio sahihi hata wangekuwa 150. Mimi ningeongeza baba wachache, bibi wachache, na muuguzi wa mapokezi ambaye anajua mambo kuliko wote na haulizwi.

Kuchanganya namba na maelezo ni vizuri, lakini panga vinakutana wapi. Mahojiano yanaweza kuja kwanza yakakufundisha maneno ya kutumia kwenye dodoso, au baadaye yakafafanua namba ya ajabu. Kuviweka tu sura ya nne na sura ya tano bila kusalimiana sio kuchanganya.

Dodoso nitunge mwenyewe au nichukue lililopo?

Chukua lililopo kila inapowezekana, hasa kwa vitu ambavyo vimeshapimwa na kupimwa tena. Ukiuliza kuhara kwa mtoto, uliza wiki mbili zilizopita kama zile tafiti za DHS, za kitaifa za idadi ya watu na afya, zinavyouliza, utalinganisha na za taifa bure. Ukiuliza "mwaka huu ameharisha mara ngapi" utapata namba lakini itakuwa ya kubuni, hakuna mzazi anayekumbuka hivyo.

Tafsiri ndo mtego. Mtu mmoja atafsiri kwenda lugha ya wahojiwa, mwingine ambaye hajaona ya awali airudishe, linganisheni. Alafu kaa na watu wachache, wasomee swali, waambie wakueleze kwa maneno yao wameelewa wanaulizwa nini. Utashangaa. Hii ni tofauti na kujaribisha dodoso zima kwa familia 20 mahali ambapo hutakusanya data, na zote mbili zinahitajika. Kule kwenye majaribio angalia pia linachukua muda gani, likizidi saa moja majibu ya mwishoni ni ya kukufukuza.

Si nitumie tu data za vituo vya afya zilizopo kwenye mfumo?

Tumia, bei yake haina mpinzani, na nchi nyingi sasa zina DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za vituo vya afya. Ila jua mambo mawili. Mfumo unahesabu waliokuja, na shida yako mara nyingi ni wasiokuja. Na idadi ya watu ya chini ya mstari, ile unayogawia, hutoka kwenye makadirio ya sensa ya zamani, ndo maana unakuta wilaya ina chanjo asilimia 118. Kabla ya kutegemea data hizo chagua vituo vichache, fungua rejista za karatasi, hesabu mwenyewe, linganisha na kilichoingizwa.

Utafiti wangu hauna sindano wala dawa, ni maswali tu. Bado napita kamati ya maadili?

Ndio. Na pita mapema, maana kwenye ratiba nyingi hapo ndo panapokwama.

Sababu za kuwepo hizo kamati sio urasimu. Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wapatao 600, 399 kati yao wana kaswende, walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli na bila kutibiwa hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida miaka ya 1940. Walikuwa "wanaangaliwa" tu, hawakuchomwa kitu kibaya. Ripoti ya Belmont ya 1979, ya Marekani kuhusu maadili ya kutafiti watu, ilitokana na hilo, na Azimio la Helsinki la 1964, la chama cha madaktari duniani, ambalo limerekebishwa mara kadhaa, mara ya mwisho 2024, nalo linasisitiza kumlinda na kumheshimu mshiriki.

Kwa maswali ya kawaida madhara ni ya aina nyingine. Swali la ukatili nyumbani likiulizwa mume akiwa chumba cha pili. Orodha ya wanaotumia dawa za VVU kwenye simu isiyo na nywila. Ukipima presha ya mtu ukakuta iko juu sana, je utampeleka wapi, na umeandika hilo kwenye andiko? Hili la mwisho kamati itakuuliza na ina haki. Fomu ya ridhaa nayo, kurasa sita za kisheria hazimlindi mhojiwa, zinamlinda mtafiti. Andika kama unavyoongea, na kama afua ni ya kijiji kizima, ruhusa ya kiongozi haichukui nafasi ya ridhaa ya mtu mwenyewe pale unapochukua taarifa zake.

Lazima nisajili utafiti?

Kama unawapangia watu au vijiji afua, ndio, kabla ya mshiriki wa kwanza kuingia. Wahariri wa majarida makubwa ya tiba walianza kudai hivyo 2005 na hawajalegeza. Kwa tafiti nyingine sio lazima, ila kuandika mapema matokeo makuu ni yapi kunakukinga na tamaa yako mwenyewe ya kuchagua baadaye namba iliyopendeza.

Bajeti na muda, watu husahau nini?

Kusafisha data na kuandika. Kila mtu anapanga miezi minne ya kukusanya na wiki mbili za "uchambuzi na ripoti". Fanya uchambuzi uwe angalau sawa na ukusanyaji. Wanasahau pia muda wa kibali, mafunzo ya wakusanya data ambayo siku mbili hazitoshi, ziara za pili kwa waliokosekana, tafsiri, na mrejesho kwa wale waliohojiwa ambao huwa ndo mstari wa kwanza kukatwa hela zikipungua. Epuka kuanza kipindi cha kilimo, mitihani, au kampeni za uchaguzi.

Wadau waingie lini?

Siku ya majedwali matupu. Ukiwaita kwenye uzinduzi wa ripoti umechelewa, watakula chakula cha mchana na kuondoka.

Tuseme nimefanya yote na matokeo yanaonyesha mpango haujafanya kazi. Nifanye nini?

Hapo itategemea kama ulipima utekelezaji njiani, na hii lazima ipangwe mwanzoni maana haipatikani nyuma. "Haujafanya kazi" ina maana mbili zisizofanana hata kidogo. Rudi kwenye ule mfano wa presha. Ya kwanza, wagonjwa walitembelewa kama ilivyopangwa, mara zote, na bado waliacha dawa, wazo lenyewe ndo halina nguvu. Ya pili, wahudumu walipewa wagonjwa 40 kila mmoja wakawafikia 11, yaani mpango haujawahi kufanyika, umepima kitu ambacho hakikuwepo. Anayeamua atafanya mambo tofauti kabisa kwa kila moja, kwenye ya kwanza aache, kwenye ya pili atengeneze au akubali hauwezekani na watu alionao.

Ule mfumo wa RE-AIM wa 1999 unakusaidia kukumbuka cha kuhesabu: umewafikia nani, umefaa kiasi gani, vituo vingapi vimeukubali, umetekelezwa kama ulivyoandikwa au umebadilishwa njiani, na umedumu. Huhitaji vyote vitano kwa uzito sawa, lakini idadi ya waliofikiwa na uaminifu wa utekelezaji usiache. Karatasi ya muhudumu yenye tarehe za ziara inatosha kabisa, mradi kuna mtu anazikusanya kila mwezi na sio siku ya mwisho.

Kwenye uchambuzi mkuu, kama uliwagawa kwa kura, waache watu kwenye makundi waliyopangiwa hata kama hawakupata huduma, usihamishe wale 29 wasiotembelewa kwenda kundi la meseji, maana wasiofikika wana sababu zao na ukiwahamisha umerudisha ule ule mchanganyiko ambao kura ilikuwa imeuondoa. Ya waliofikiwa tu unaweza kuyaonyesha pembeni, ukiyaita hivyo. Alafu ripoti hiyo isiyopendeza ichapishe, kwa sababu kuna timu nyingine sasa hivi inaandika andiko la kupima mpango huo huo na haitakuona kwenye mapitio yao kama umeifungia kabatini.